Meza ya mashine ya kukatia kona, yenye droo na rafu, kwa karakana ya nyumbani: mwongozo kamili kwa mafundi wa Tabora

Mashine ya kukatia kona, ambayo mafundi wengi wanaiita maita so, hununuliwa kwa kujinyima halafu inaishia sakafuni. Ukipita kwenye karakana za Tabora, iwe Ng'ambo, Isevya au Cheyo, si ajabu kuikuta imekalishwa juu ya matofali mawili, fundi amechuchumaa, na kijana wake ameshika ncha ya pili ya ubao wa futi 12. Kijana akichoka kidogo ncha inashuka, ubao unainuka kwenye mashine, na mkato unatoka na mlalo ambao jicho haliuoni. Utauona siku ya kuunga fremu ya mlango: upande mmoja umefunga, wa pili una mwanya, na hapo ndipo gundi na unga wa mbao vinapoitwa kuja kuziba.

Dawa yake ni meza ndefu ambayo mashine inakaa katikati, na ubao unapata pa kulala kushoto na kulia. Chini ya meza hiyo kuna nafasi kubwa ya bure, na humo ndimo zinapoingia droo, rafu na vipande vya mbao vilivyobaki. Mwongozo huu ni kwa mwenye banda la gari nyumbani ambaye yuko tayari gari lihamie chini ya mwembe.

Nitasema mapema ninachokiamini kuliko yote: thamani ya meza hii iko kwenye mistari miwili iliyonyooka, mmoja wa kimo na mmoja wa kiegemeo. Kiegemeo ni kile kiukuta cha alumini kilicho nyuma ya meza ya mashine, ambacho ubao unakibana mgongo wakati wa kukatwa. Droo nzuri juu ya mistari iliyopinda ni kabati tu. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mistari, na kwenye droo nitapita haraka zaidi.

Pima banda, kisha pima mashine

Banda la gari moja mara nyingi lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 5 au 6. Meza hii inakaa kwenye ukuta mrefu na inachukua sentimita 375: kabati la kushoto sentimita 180, nafasi ya mashine sentimita 75, na kabati la kulia sentimita 120. Kushoto ni kurefu kwa sababu fundi anayetumia mkono wa kulia anashika mpini kwa kulia na kuzuia ubao kwa kushoto, hivyo sehemu ndefu ya ubao hulala kushoto. Kama unatumia mkono wa kushoto, geuza mpangilio wote.

Mashine zinatofautiana, kwa hiyo usikate hata kipande kimoja kabla hujapima ya kwako. Unahitaji vipimo vitatu. Cha kwanza ni kimo cha meza ya mashine: iweke juu ya sakafu iliyonyooka na upime kutoka chini ya miguu yake hadi pale ubao unapolala. Katika mwongozo huu nitatumia sentimita 10 kama mfano. Cha pili ni kina: kama mashine yako ina reli za kuvuta, sukuma kichwa nyuma mpaka mwisho na upime kutoka ncha ya nyuma hadi mbele ya meza. Nyingi za aina hiyo zinazidi sentimita 60. Ikizidi, sogeza makabati yote mbali na ukuta, au toa jukwaa la mashine, yaani kitako cha katikati kitakachoibeba, mbele kidogo. Cha tatu ni upana: zungusha mashine hadi nyuzi 45 kushoto, kisha kulia, uone kama mpini wa mbele unapita ndani ya sentimita 75 bila kugonga kabati.

Kimo cha meza nzima nakiweka sentimita 90. Kinawafaa watu wengi, lakini mwili wako ndio unaoamua. Simama wima, kunja kiwiko, halafu pima kutoka sakafuni hadi kiwiko. Meza iwe chini ya hapo kwa sentimita 10 hadi 15. Kama tayari una benchi la kazi zuri, fuata kimo cha benchi hilo, maana siku ya ubao mrefu sana benchi litasaidia kuubeba.

Mbao gani, na kiasi gani

Tabora iko katikati ya miombo, na kishawishi cha kujenga kila kitu kwa mninga ni kikubwa. Usifanye hivyo. Fremu haionekani na haisuguliwi, kwa hiyo paina inayotoka nyanda za juu kusini inatosha kabisa, ilimradi imekauka na imenyooka. Chungulia kila ubao kwa urefu kabla ya kuulipia. Mninga tutautumia mahali pamoja tu, kwenye kiegemeo, kwa sababu ni mti unaosinyaa na kuvimba kidogo sana hali ya hewa inapobadilika. Ukiununua, hakikisha muuzaji ana hati na risiti halali za mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ubao usio na karatasi unaweza kukugharimu zaidi ya bei yake ukiwa njiani.

Mahitaji ni haya:

Mbao 11 za 2x4 za futi 12, zilizopigwa randa.
Plaiwudi ya milimita 18, karatasi 3 (futi 8 kwa 4). Ukipata marini bodi, yaani plaiwudi inayostahimili maji, bora zaidi.
Plaiwudi ya milimita 6, karatasi 1, kwa vitako vya droo.
Ubao 1 wa mninga wa 1x4, futi 12.
Skrubu za inchi 4, inchi 3 na inchi moja na nusu, na gundi ya mbao.
Bolti 10 nene za milimita 12 zenye nati, kwa ajili ya miguu.
Bolti 4 za milimita 8 zenye nati na washa nyingi (vile vibati vya duara vyenye tundu), kwa ajili ya kufunga mashine.
Jozi 3 za reli za droo za sentimita 45, au mbao ngumu za kutelezea na nta ya nyuki.

Mbao 10 zinatosha kwa hesabu. Ya 11 ni kwa ajili ya fundo au mpasuko utakaoukuta katikati ya ubao. Kama mbao ulizopata ni za dawa, zile zenye rangi ya kijani, vaa barakoa unapozikata na usipeleke vipande vyake jikoni. Dawa inayotumika sana kwenye mbao za kupaulia ina aseniki, na moshi wake ni sumu.

Mbao zikiwa mbichi, zipange kivulini juu ya fito zinazolingana unene, zikiachana kama sentimita 60, na upake rangi au gundi kwenye ncha. Kiangazi cha Tabora kinakausha haraka, na ncha zisizopakwa hupasuka kabla ubao haujakauka katikati.

Kukata na kuunga fremu

Vipimo vifuatavyo vinachukulia kuwa 2x4 yako baada ya randa ina unene wa sentimita 4.5 na upana wa 9.5. Ipime, na kama si hivyo rekebisha vipande vya kukingamia.

Kata mbao ndefu 4 za sentimita 180 na 4 za sentimita 120. Kata vipande 18 vya kukingamia vya sentimita 51, yaani kina cha 60 ukitoa unene wa mbao mbili za mbele na nyuma. Kata miguu 10 ya sentimita 85.2. Hesabu ya mguu ni hii: 90, toa 1.8 ya plaiwudi ya juu, toa 3 za bolti ya mguu. Kwa ajili ya jukwaa kata vipande 2 vya sentimita 60, 2 vya 51 na 2 vya 66.

Kila kabati lina fremu mbili zinazofanana, ya juu na ya chini. Laza mbao ndefu mbili kwa ubavu, weka vipande vya kukingamia katikati yake, vitano kwa kabati la kushoto na vinne kwa la kulia, kisha funga kwa gundi na skrubu za inchi 4 kutoka nje. Toboa kwanza tundu jembamba, la sivyo paina itapasuka kwenye ncha. Kabla gundi haijakauka pima fremu kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu ina pembe mraba. Visipolingana, sukuma kona iliyo ndefu mpaka vilingane.

Miguu inakaa ndani ya kona, upande wake mpana ukigusa kipande cha kukingamia cha mwisho. Ukiiweka hivyo unabakiwa na uwazi mkubwa zaidi wa droo. Kichwa cha mguu kiwe sawa na juu ya fremu ya juu. Fremu ya chini ifungwe sentimita 10 kutoka mwisho wa mguu, ili ufagio upite. Kabati la kushoto linapata jozi ya tatu ya miguu katikati. Hapa tumia skrubu za inchi 3, mbili kila upande zikipishana.

Karatasi mbili za plaiwudi zinatoa juu na chini ya makabati yote. Pasua kila karatasi kwa urefu, upate vipande viwili vya upana wa sentimita 60. Karatasi ya kwanza inatoa vipande viwili vya 180. Ya pili inatoa viwili vya 120 kutoka upande mmoja, na viwili vya 75 kutoka upande wa pili, ambavyo ni vya jukwaa. Usifunge plaiwudi za juu kwa gundi. Skrubu zinatosha, na siku uso ukichakaa utaugeuza.

Sakafu na mchwa

Sakafu ya banda la gari kwa kawaida huteremka kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Ndiyo maana kila mguu unapata bolti ya milimita 12: toboa tundu kwenye kitako cha mguu, gongea nati mdomoni mwa tundu na uishikize kwa gundi kali, kisha pindisha bolti mpaka kichwa chake kiwe chini. Ukiizungusha, mguu unapanda au kushuka. Weka kipande cha bati nene chini ya kila bolti ili isichimbe saruji.

Bolti hizo zina kazi ya pili, ambayo kwa Tabora ni nzito kuliko ya kwanza. Mchwa hapandi chuma bila kujenga njia yake ya udongo, na njia hiyo kwenye bolti tupu utaiona mara moja. Acha pia sentimita 5 kati ya meza na ukuta, upate kumulika tochi nyuma. Mchwa mara nyingi hutokea kwenye ufa wa sakafu unapokutana na ukuta, wakapanda kimya kimya nyuma ya kabati lililobanwa. Wengine hupaka oili chafu kwenye miguu. Inasaidia, lakini vaa glavu unapoipaka, maana si kitu cha kugusa ngozi kila siku, na isifike pale ubao wa mteja unapolala.

Mstari wa kimo

Weka makabati mahali pake yakiachana sentimita 75 kamili, mbele na nyuma. Tumia pima maji kulinganisha kila kabati peke yake, kwa urefu na kwa kina, ukizungusha bolti. Halafu njoo kwenye kazi yenyewe.

Chukua kipande kimoja cha ubao chenye unene wa kama milimita 5, ukikate mara tatu. Kwa kuwa vyote vimetoka kwenye ubao mmoja, vina unene uleule. Weka kimoja kwenye mwisho kabisa wa kabati la kushoto na kingine kwenye mwisho wa kabati la kulia. Pitisha uzi wa nailoni juu yake, uufunge kwenye misumari nje ya meza, na uukaze mpaka ulie ukiugusa kwa kidole. Sasa chukua kile kipande cha tatu na ukipitishe chini ya uzi hatua kwa hatua, meza nzima. Kikipita kwa kugusa uzi bila kuusukuma, hapo ni sawa. Kikiunyanyua uzi, hapo pamepanda. Ukiona mwanga kati ya kipande na uzi, hapo pameshuka. Rekebisha bolti, rudia tena. Fanya hivyo karibu na ukingo wa mbele, kisha karibu na ukingo wa nyuma. Pima maji peke yake haliwezi kukupa usahihi huu kwenye urefu wa karibu mita 4, na uzi uliokazwa vizuri ni wa bei ndogo kuliko chombo chochote dukani.

Makabati yakishakaa kwenye mstari mmoja, jenga jukwaa. Kimo cha mbao zinazolibeba kinapatikana hivi: 90, toa kimo cha mashine, toa 0.3 ya kurekebishia, toa 3.6 za plaiwudi mbili zilizogundishwa pamoja. Kwa mashine ya sentimita 10 unapata 76.1 kutoka sakafuni. Lakini sakafu yako inateremka, kwa hiyo usipime kutoka chini. Pima kutoka juu ya meza kwenda chini, sentimita 13.9, kwenye kila kona ya uwazi.

Ukiangalia ubavu wa kabati utaona kuwa fremu imetokeza sentimita 4.5 kuliko miguu. Funga kwanza vile vipande vya 51 kwenye miguu, vizibe hatua hiyo, kisha juu yake funga vile vya 60, ndivyo vitakavyotokeza ndani ya uwazi na kubeba jukwaa. Vipande vya 66 vinaingia chini ya plaiwudi, mbele na nyuma, kuzuia isinepe.

Kalisha mashine juu ya jukwaa. Meza yake itakuwa chini ya makabati kwa kama milimita 3. Inyanyue kwa washa chini ya matundu yake manne ya bolti, mojamoja, huku ukiangalia kwa rula ndefu ya alumini iliyolazwa kutoka kabati hadi mashine. Ukikosa washa nyembamba, bati la kopo lililokatwa mraba linafaa. Kanuni ya hapa ni moja: makabati yakizidi mashine hata kwa unene wa karatasi mbili, ubao utaning'inia juu ya meza ya mashine na mkato hautakuwa wima. Yakiwa chini kidogo kabisa, hakuna madhara. Kwa hiyo ukishindwa kupata usawa kamili, kosea upande huo.

Mstari wa kiegemeo

Pasua ubao wa mninga upate sentimita 180 na 120, upige randa mpaka ukingo mmoja na uso mmoja viwe vimenyooka kabisa. Huu ndio ubao ambao sitaki uuharakishe. Usimamishe kwa ubavu juu ya kila kabati, uufunge kwa vipande vya pembetatu vya plaiwudi nyuma yake, kila sentimita 40. Matundu ya skrubu kwenye vitako vya pembetatu hizo yawe marefu kuelekea mbele na nyuma, ili uweze kusogeza kabla ya kukaza.

Tumia mbinu ileile ya uzi na vipande vitatu, safari hii ukiwa umeulaza uzi mbele ya viegemeo. Anza na kiegemeo cha mashine yenyewe, ndicho bwana. Vya mbao vinakaa nyuma yake kwa milimita 1, kamwe visitokeze mbele. Kikitokeza, ubao unasukumwa utoke kwenye kiegemeo cha mashine, na ile nyuzi 45 uliyoipanga inakuwa nyuzi nyingine bila taarifa.

Ukingo wa chini wa mninga upige randa kwa mshazari mdogo mbele. Unga wa mbao utaingia kwenye kijia hicho badala ya kukaa kati ya ubao na kiegemeo. Fanya hivyohivyo kwenye kona ya chini ya stopa, kile kizuizi ambacho ncha ya ubao inakigusa ili kila kipande kitoke na urefu uleule.

Stopa ni kipande cha mbao ngumu kinachopanda juu ya kiegemeo, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, na bolti inayokaza kutoka nyuma. Ndani, pale bolti inapogusa mninga, weka kipande cha chuma chembamba ili isichimbe. Ukishakuwa na stopa, miguu 20 ya viti inatoka sawa bila kupima mara 20.

Kwa ajili ya kusoma vipimo, kata futi ya chuma ya zamani na uibandike juu ya kiegemeo cha kushoto. Usihangaike kutafuta mwanzo wake kwenye diski, yaani msumeno wa duara wa mashine. Kata kipande kimoja, kipime kwa umakini mpaka kiwe sentimita 50 kamili, kiweke kwenye mashine kikigusa diski iliyozimwa na kuchomolewa umeme, leta stopa iguse ncha ya pili, kisha bandika futi ili mstari wa stopa usome 50. Ukibadilisha diski ukaweka yenye unene tofauti, rudia zoezi hili.

Je, nyuzi 90 ni 90 kweli?

Alama za kiwandani ni makadirio. Chukua ubao mpana ulionyooka, ukate katikati, halafu geuza nusu moja juu chini na uunganishe zile ncha mbili zilizokatwa, zote zikiegemea kiegemeo. Zikifunga kabisa, mashine iko sawa. Ukiona mwanga, nusu ya mwanya huo ndilo kosa lako, kwa sababu kugeuza kumelizidisha mara mbili. Legeza bolti za kiegemeo cha mashine, sogeza kidogo sana, kaza, jaribu tena. Fanya jaribio hilo na ubao uliosimama kwa ubavu pia, ili ujue kama diski iko wima. Baada ya hapo tu ndipo uamini nyuzi 45.

Vumbi

Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Vumbi la mninga lina taabu yake ya ziada: huwasha ngozi na pua za baadhi ya watu, na wengine huwabana kifua. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta zile zinazokaza puani, na uvae miwani.

Nyuma ya mashine jenga kofia ya vumbi. Pande mbili ni plaiwudi zilizofunguka kwa kutosha ili kichwa cha mashine kizunguke, nyuma ni turubai iliyoning'inizwa kwa kulegea, na chini ni ubao wa mshazari unaoteremsha vumbi hadi kwenye kiroba kilichofungwa chini ya jukwaa. Turubai iliyolegea inafanya kazi vizuri kuliko ubao mgumu, kwa sababu chembe zikiigonga zinaanguka badala ya kurudi usoni. Haitakamata vumbi lote, lile laini linaelea, kwa hiyo kata huku mlango umefunguliwa. Unga wa paina isiyo na dawa una wateja wake wenye majiko ya unga wa mbao. Wa plaiwudi una gundi, usiuchanganye humo.

Droo na rafu

Uwazi wa kabati la kulia una kimo cha kama sentimita 54 na upana wa 102. Simamisha plaiwudi katikati, upate vyumba viwili vya sentimita 50. Kimoja ni cha droo tatu, ya juu ikiwa fupi kwa diski, skwea, penseli na funguo za mashine. Kingine kiache wazi kwa drili na randa ya umeme. Droo yenye reli za chuma iwe nyembamba kuliko uwazi kwa sentimita 2.6. Pima uwazi wako halisi kabla ya kukata.

Binafsi napenda reli za mbao ngumu zilizopakwa nta ya nyuki. Nta katika mkoa huu si ya kutafuta kwa tochi, na vumbi linaloua magurudumu madogo ya reli za bei rahisi haliishindi. Acha milimita 2 kila upande. Droo iliyobana kwa raha mwezi Septemba itagoma kufunguka mvua za Novemba zikishaingia.

Kabati la kushoto ni la vipande. Chumba kimoja kigawe kwa kusimamisha plaiwudi, vipande vikae kwa urefu: chini ya nusu mita, nusu mita hadi mita, na zaidi. Vilivyo chini ya sentimita 30 viondoe mwisho wa juma, vinginevyo kabati litajaa takataka na utaanza kurundika mbao juu ya meza. Chumba cha pili kiwe na rafu moja ya makopo ya vanishi na gundi. Mbao ndefu ziwekwe ukutani, juu ya vyuma vinavyoachana sentimita 80.

Umeme

Mashine ya wati 1,800 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampia 8, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi kwa muda mfupi. Itolee soketi yake ukutani, kwa waya wa milimita za mraba 2.5, iliyofungwa na fundi umeme anayetambulika. Soketi iwe upande wa kulia mbele, mahali unapoifikia bila kupitisha mkono juu ya diski. Ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa inapata joto na kuifanya mota idhoofike. Taa za banda zikififia ukiwa unakata, acha. Umeme ukikatika, chomoa plagi hapohapo, maana utarudi wakati hujajiandaa.

Mkato wa kwanza

Diski iwe imefikia mwendo wake kamili ndipo uishushe, na usiinyanyue mpaka isimame. Kwenye mashine ya kuvuta: vuta mbele, shusha, sukuma nyuma. Mikono ikae sentimita 15 kutoka kwenye diski, wala usiivushe mkono mmoja juu ya mwingine. Glavu vua. Stopa iwe upande mmoja tu. Kipande kikibanwa kati ya stopa na diski pande zote mbili hakina pa kwenda, na kitaruka.

Mbao mpya hutulia kwenye mzigo, na hewa ya Tabora inageuka ghafla kati ya kiangazi na masika. Mwezi mmoja baada ya kujenga, na tena mvua zikishakolea, toa uzi na vile vipande vitatu kwenye droo ya juu, pitisha kwenye kimo na kwenye kiegemeo, na urekebishe bolti za miguu kabla ya kugusa washa za mashine.